Kadi ya Marehemu Inapita Kwangu Kila Jumanne

Mama Mwanvua mpendwa, nakuandikia haraka kwa sababu Alhamisi hii saa tatu asubuhi nimeitwa ofisini kazini, na kabla ya hapo lazima nijue nitasema nini, maana nikisema ukweli wote nitaonekana mwizi na mwenda wazimu, na nikinyamaza nitaonekana mwizi peke yake.

Jina langu ni Rolande, mzaliwa wa Bukavu, niko na miaka thelathini na nne, na huu ni mwaka wa sita nafanya kazi ya caissière, yaani nakaa pale wateja wanapolipia, katika duka kubwa la vyakula kwenye barabara ya Chaussée d'Ixelles, huku Ulaya, duka lenyewe sitalitaja. Kwa wasioijua kazi yetu, duka linatoa kuponi, vile vikaratasi vya kupunguziwa bei, nyingine mteja anazikata gazetini, nyingine zinatumwa kwake kwa posta, zimeandikwa jina la mwenye kadi ya duka. Siku ya kwanza kabisa tunafundishwa kwamba ni kuponi moja kwa kitu kimoja, isiwe imepita tarehe, isiwe fotokopi. Wapo wanaojaribu kuzirundika, tatu juu ya paketi moja ya sabuni, na mashine inakataa, inalia, lakini sisi tuna kitufe cha kulazimisha kwa sababu kuna siku mashine yenyewe inakosea, na ukikibonyeza namba yako ya kazi inabaki mle ndani. Bon, kumbuka hicho kitufe.

Nilikuwa na mteja, maman Anne-Marie, mtu wa Lubumbashi, miaka sabini na kitu, tuliimba kwaya moja parokiani. Alikuja kila Jumanne mchana, kwenye caisse yangu tu, meza yangu ya malipo, hata kama ya jirani haina mtu, na koti lake zito la kijani lenye kola ya manyoya, na kopo la biskuti ambamo alipanga kuponi zake, zimekatwa kwa mkasi zikanyooka kama kwa rula. Vitu vyake aliviweka kwenye mkanda kwa mpangilio mmoja usiobadilika, maziwa ya unga, sardini, sabuni ya kufulia, kahawa, na mwisho biskuti za mume wake papa Donat, ambaye mimi sikuwahi kumwona kwa sababu siku hizi hatoki nyumbani. Ningeweza kumhudumia nikiwa nimefumba macho.

Mwezi wa kwanza mwaka huu alileta kuponi ya kahawa iliyopita tarehe kwa siku mbili. Foleni ilikuwa ndefu, na Chloé, gérante wetu, yaani msimamizi wa duka, alikuwa amesimama nyuma yangu, na mimi nikaishika ile kuponi juu, nikasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Maman, hii imekufa." Hakubishana. Aliniambia sawa mutoto yangu, akaitoa kahawa pembeni, akalipia vingine, akaenda. Siku tisa baadaye akafa yeye, ni moyo. Nilikwenda makaburini, niliona sanduku likishuka, nilitupa udongo kwa mkono huu ninaoandikia.

Basi Jumanne moja ya mwezi wa tatu, kama saa nane mchana, nilikuwa nimeinama nabadilisha karatasi ya risiti, nikasikia vitu vinawekwa kwenye mkanda. Maziwa ya unga. Sardini. Sabuni. Kahawa. Biskuti. Sikutaka kuinua kichwa, Mama, nilijua kabla ya kujua, na nilipokiinua niliona koti la kijani, kola ya manyoya, shali imezungushwa mpaka puani, barakoa ya hospitali chini ya shali, kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi, na katikati macho mawili yanayotazama mkanda, hayanitazami. Mkono wenye glavu ukaninyooshea kadi, nikaipitisha, na kwenye skrini yakatokea maneno yanayotokea kwa kila mteja: Bonjour, Anne-Marie.

Kuponi zilikuwa tano. Tatu kati yake zilikuwa za kahawa, na kahawa ilikuwa paketi moja. Mashine ikalia, nikabonyeza kitufe. Ikalia tena, nikabonyeza tena. Yule mtu hakusema neno, alipanga vitu vyake kwenye mfuko, na alipogeuka kuondoka akakohoa, kikohozi kifupi mara mbili, vile vile maman Anne-Marie alivyosafisha koo kabla ya wimbo kuanza. Mteja aliyefuata aliniuliza kama niko mgonjwa.

Tangu siku hiyo, kila Jumanne. Nilijiambia ni mtu ameokota kadi, nikajiambia ni ndugu, lakini sikuuliza. Mara moja nilimwomba Chloé anibadilishie, akanipeleka caisse ya saba, kule mwisho karibu na mikate, na saa nane koti likaja caisse ya saba, likapanga foleni ya watu sita ingawa zile nyingine zilikuwa wazi. Mwezi wa tano joto likaja, watu wakaanza kuvaa mikono mifupi, na koti likaendelea kuja na manyoya yake na glavu zake, likinuka zile dawa nyeupe za kuzuia nondo kabatini. Na kuponi zikaongezeka. Zote za kahawa. Nilizijua kwa vidole kabla ya macho, karatasi nzito mno, nyeupe mno, na namba iliyoko chini ya mistari myeusi ni ile ile kwenye kila moja, fotokopi kabisa, zimekatwa zikanyooka kama kwa rula. Nilijua, Mama Mwanvua, sitakudanganya. Nilijua na nikabonyeza, kwa sababu kila mashine ilipolia nilisikia sauti yangu ikisema hii imekufa, na moyoni nikawa nasema chukua maman, chukua kahawa yako, nenda kalale.

Wiki mbili zilizopita Chloé aliniita. Alikuwa na karatasi kutoka makao makuu, kuponi hamsini na tatu zenye namba moja, zote zimepita kwa kulazimishwa, zote kwa namba yangu ya kazi. Aliniuliza bila kupandisha sauti kama ninamfahamu mteja huyo. Nikasema hapana. Akasema kadi ni ya mtu anaitwa Anne-Marie, donc, kwa hiyo, watamwandikia barua aje ajieleze. Nilikwenda chooni nikacheka mpaka nikalia.

Jumanne iliyopita kazi yangu iliisha saa nane na nusu. Koti lilikuwa limepita dakika chache kabla, nikavua aproni, nikalifuata. Liliteremka kwenye metro, treni ya chini ya ardhi, pale Porte de Namur, likabadilisha treni kituo cha Arts-Loi, likapanda line 5 ya kwenda Anderlecht, na mimi nilikuwa mlango wa pili wa behewa hilo hilo. Lilikaa wima, mfuko magotini, na viti vitatu vya karibu vilikuwa vitupu ingawa watu wamesimama, sijui ni harufu au ni nini. Tukashuka kituo cha Veeweyde, tukatembea mpaka kwenye yale majumba marefu ya makazi ya serikali. Likaingia kwenye lifti peke yake. Nilitazama namba zikipanda mpaka tisa, nikangoja lifti irudi, nikapanda.

Mlango mmoja ulikuwa haujafungwa vizuri. Nilisikia sauti ya mwanamume mzee ikisema ndani, "Anne-Marie, ulikawia," halafu kile kikohozi, mara mbili.

Nilisukuma mlango. Kwenye korido alikuwa amesimama msichana wa miaka ishirini na kitu, anavua shali, uso umelowa jasho mpaka nguo aliyoivaa ndani ya koti imemshika shingoni, na alipotuona mimi na badge yangu ya kazi yenye jina kifuani hakushtuka, aliweka kidole mdomoni, akanivuta jikoni.

Anaitwa Graciella. Ni mtoto wa mdogo wa kiume wa maman Anne-Marie, alikuwa Liège, alikuja kwa mazishi, akabaki kumtunza papa Donat kwa sababu mzee akili zake zimeanza kupotea na watoto wake wako Kanada. Alinieleza kwa kunong'ona kwamba baada ya mazishi mzee alikaa siku nne hataki kula, anamfukuza kila anayemkaribia, hata yule mama wa kuosha wagonjwa aliyetumwa na bima. Siku ya tano kulikuwa na baridi, Graciella akavaa koti la shangazi yake ili atoe takataka, na aliporudi mzee alimwambia Anne-Marie, niletee chakula, akala. Donc amelivaa tangu siku hiyo. Na kuanzia mwezi wa tatu, kila Jumanne mzee anampa kopo la biskuti na kumtuma, na anamwagiza kwamba aende kwa Rolande tu, asiende kwa mwingine. Nilimuuliza kwa nini hakusema nami hata siku moja. Akasema, "Nikiisha kulivaa, sauti yangu inapotea. Kile kikohozi si mimi ninakifanya. Kinakuja chenyewe." Nikamuuliza kama alijua kuponi ni za bandia. Alisema alijua, lakini mashine ilikuwa inakubali.

Papa Donat alikuwa sebuleni. Huyu mzee alikuwa fundi wa uchapaji Lubumbashi kwa miaka mingi, na kwenye meza yake kulikuwa na mashine ndogo ya fotokopi, rula ya chuma na mkasi, na kuponi, Mama Mwanvua, kuponi kwenye meza, kwenye kabati, chini ya kioo cha picha ya harusi, kwenye upande wa kitanda ambao hauna mtu, zote za kahawa, zimepangwa kama matofali. Akaninyooshea barua aliyoiweka ndani ya plastiki. Ni moja ya barua za duka letu, zile zinazotumwa na kompyuta kwa mteja ambaye amepunguza kununua. Ilikuwa imeandikwa kwa Kifaransa, herufi kubwa nyekundu: Anne-Marie, tumekukosa sana. Anazo nyingi, anazihifadhi kwa tarehe.

"Unaona," aliniambia. "Magasin, duka yenu, haiwezi kuandikia muntu mwenye alikufa."

Akatazama badge yangu, akasoma jina kwa kidole.

"Weye njo Rolande wa ku caisse," akasema, yaani ndiye mimi mwenyewe. "Ulimukatalia kahawa. Alinielezea jana. Anasema sasa unamupokeaka muzuri."

Alisema bila hasira yoyote, kama mtu anayeshukuru. Halafu akanipa rundo la kuponi lililofungwa kwa uzi, akasema ni za Jumanne ijayo, nimsaidie Anne-Marie asibebe vingi. Nikazipokea. Ninazo hapa kwenye mkoba wangu ninapoandika, na nikiugusa mkoba vidole vinapoa.

Mama Mwanvua, nifanye nini? Nikisema, Graciella ataitiwa polisi, mzee atapelekwa nyumba ya wazee na atakufa njaa huko, na mimi nitafukuzwa, na pale nyumbani ni mshahara wangu tu unaolipa kodi. Nisiposema, Jumanne koti litakuja. Na kuna swali ninaloona aibu hata kuliandika, habari ya ile kahawa tuliijua mimi, marehemu na watu wa foleni wasiomjua mzee, basi ni nani aliyemwambia mzee jana?

Ni mimi Rolande, Ixelles.

MAMA MWANVUA ANAJIBU

Rolande mwanangu, barua yako ilinifikia Jumatatu, nikaisoma nimesimama jikoni, na kwa kuwa Alhamisi ilikuwa inakuja na gazeti lisingetoka kabla yake, nilikupigia simu palepale. Umeniruhusu kuandika tuliyozungumza na yaliyofuata, kwa sababu makeshia wa mji huu ni wengi na si wewe peke yako uliyewahi kubonyeza kitufe kwa kumwonea mtu huruma, au kwa woga.

Pole. Nimewahi kufiwa na mtu niliyeachana naye kwa neno baya, najua neno hilo linavyorudi. Pole yangu inaishia hapo, sasa nakugombeza.

Maiti hanunui sardini. Ulitupa udongo kwa mkono wako, halafu ukakaa miezi mitatu unalihudumia koti bila hata kulisalimu. Ungesema "habari za mchana, wewe ni nani" Jumanne ile ya kwanza, yote haya yasingekuwepo, na yule binti asingevaa manyoya mwezi wa sita. Kadi haijui kifo, inajua namba. Duka halikuambiwa kwamba mteja wake amefariki, basi likaendelea kumwita, na kompyuta ikaendelea kumkosa sana. Inatisha, nakubali. Hata mimi nilipofika kwenye zile barua ndani ya plastiki niliweka karatasi chini nikaenda kufungua dirisha.

Uliuliza nani alimwambia mzee. Mke akirudi nyumbani bila kahawa, humwambia mumewe sababu. Anne-Marie alimwambia siku ile ile ya mwezi wa kwanza, na kwa mtu ambaye siku zimemchanganyikia, siku ile ni jana, na kesho itakuwa jana tena. Na hilo la kwamba sasa unampokea vizuri amelitoa kwa Graciella. Nilimpigia nikamuuliza. Kila Jumanne koti likirudi na kutundikwa, mzee huuliza, "Rolande alikupokea namna gani?" na binti hujibu, "Muzuri." Hicho kikohozi sitakieleza, kwa sababu Graciella mwenyewe hawezi kukieleza, na mimi sikuwepo.

Wewe hukumuua mtu. Kuikataa kuponi iliyopita tarehe ilikuwa kazi yako. Ungeweza kuikataa kwa kunong'ona, na hilo litubie, lakini usilikuze mpaka liwe jeneza. Kosa lako lilianza mwezi wa tatu. Vidole vyako vilijua ni fotokopi, ukabonyeza mara hamsini na tatu, na kila mara ukajiambia unamlisha marehemu, kumbe ulikuwa unajinunulia msamaha kwa mali ya watu wengine. Na ulipoulizwa waziwazi na mtu ambaye hakukupandishia sauti, ukasema hapana. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote. Kuponi moja unaweza kuikosea. Swali la Chloé uliliona vizuri kabisa.

Nilikuambia usingoje Alhamisi. Mtu aliyeitwa anajitetea, mtu aliyekuja mwenyewe anasikilizwa. Nilikuambia umtafute mjumbe wa chama cha wafanyakazi mwende pamoja, uchukue rundo la papa Donat kama lilivyo na uzi wake uliweke mezani, uanze na maneno haya: nilijua ni za bandia, na nilikudanganya. Habari ya kuogopa iwe ya mwisho, na uiseme tu ukiulizwa. Ulitaka kulichoma lile rundo, nikakukataza. Ulitaka kulipia kahawa zote kimyakimya kutoka mfukoni mwako, nikakukataza hilo pia, maana lingekuwa kosa jipya la kuficha la zamani.

Ulikwenda Jumatano. Ulinipigia baadaye ukasema Chloé alisikiliza mpaka mwisho, akalishika rundo mkononi akazipeperusha zile kuponi kwa kidole gumba, akauliza swali moja tu: kwa nini hukuniambia? Umepewa onyo la maandishi, umetolewa kwenye caisse mpaka majira ya joto yaishe, unapanga maziwa kwenye majokofu. Ulikuwa unalia kwenye simu. Nilikuambia, na narudia mbele ya wasomaji, ushukuru Mungu kwa hayo majokofu, kwa sababu wapo waliofukuzwa kwa kuponi kumi. Vaa sweta.

Graciella naye nilimwambia asije dukani Jumanne hiyo, kisha nikampa kazi zake. Apeleke cheti cha kifo dukani, kadi ifungwe, barua zikome. Amwone daktari wa familia amwambie hali ya mzee yote, hata lile koti, kisha aende mutuelle yao, yaani bima yao ya ugonjwa, aombe muuguzi wa nyumbani kwa mara ya pili. Mtu mmoja wa miaka ishirini na sita hawezi kuwa yeye na marehemu kwa wakati mmoja, atapotea. Duka halikumwitia polisi, lilimtaka aandike kwa mkono wake kwamba hatarudia, akaandika.

Lililomshinda lilikuwa kumwambia mzee. Aliniuliza, "Na akikataa kula tena?" Nilimwambia amwambie mchana, wakiwa wamekaa, akiwa na nguo zake mwenyewe na kichwa wazi, amshike mkono, aseme kwa Kiswahili na kwa neno lenyewe, alikufa, asiseme ameenda wala amepumzika. Na awe ameshamwarifu daktari siku hiyo ni ipi.

Alimwambia Jumapili baada ya misa. Amenisimulia kwamba papa Donat alimtazama nywele, akatazama mlangoni pale koti linapotundikwa, kisha akampapasa mkono kama anayemtuliza yeye.

"Najua, mama," akamwambia. "Niliwaza ni weye njo ulikuwa haujue bado."

Akala. Jioni ile ile akachukua mkasi, akauliza kama Anne-Marie amepanda lifti au amepanda ngazi.

Kwa hiyo msijidanganye kwamba yamekwisha. Kesho atauliza, na keshokutwa, na siku nyingine atakuwa anajua kuliko ninyi na siku nyingine hatajua kitu. Kila akiuliza, mwambieni, kwa sauti ile ile, bila kuchoka. Mashine ya fotokopi mwachieni, mikono ya fundi inahitaji kazi, lakini Graciella ampe picha za familia azinakili badala ya kuponi. Na koti lisichomwe wala lisiuzwe. Livaliwe na mtu siku ya baridi, kwa sababu ni koti.

Wewe Rolande, Jumamosi huna kazi. Panda metro uende Anderlecht, umsalimu yule mzee, umpumzishe binti kwa saa mbili alale. Usivae badge. Ukifika ghorofa ya tisa piga kengele, na kabla mlango haujafunguliwa, taja jina lako kwa sauti.